Redio Ikipiga Mluzi: Namna ya Kusaka Kelele za Umeme Katika Gari la Zamani

Barabara inayotoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma bado ina magari ambayo kwingine yamekwisha kuuzwa kama vyuma chakavu: pikapu za Pijo 504 zinazobeba mahindi na mbolea, Land Rover za mashambani, Datsun, na Beetle mojamoja inayotunzwa na mwalimu mstaafu. Injini zake zinatengenezeka. Kinachowashinda wenye magari hayo ni redio. Unafunga stereo mpya, unatafuta West FM au Mulembe, na kabla mtangazaji hajamaliza salamu unasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Unaambiwa ununue filta. Unanunua. Mluzi upo palepale.

Mwongozo huu unakuomba jambo moja: usinunue kitu chochote kabla hujajua kelele inatoka wapi na inapita wapi. Vipimo vilivyo hapa vimepangwa ili kila kimoja kiondoe sehemu kubwa ya mashaka, na vingi havikugharimu hata shilingi.

Kelele hutoka wapi

Cheche ya umeme ni mtambo wa redio. Marconi na wenzake walianza kurusha ujumbe hewani kwa mitambo ya cheche, na tabia ya cheche ni kutawanya mawimbi kwenye masafa mengi kwa wakati mmoja. Plagi za gari lako hufanya kazi hiyohiyo bila kuagizwa. Injini ya petroli ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika hutoa cheche 25 kila sekunde. Ikifika mizunguko 3,000, zinakuwa 100. Ndugu wawili wa Marekani, Paul na Joseph Galvin, walipoanza kuuza redio za gari za Motorola mwaka 1930, kelele za injini zilikuwa miongoni mwa vikwazo vyao vikubwa. Tatizo lako lina umri wa redio ya gari yenyewe.

Altaneta nayo haitoi umeme laini. Ndani yake umeme hupanda na kushuka, kisha diodi huunyoosha, lakini mawimbi madogo hubaki. Kwenye altaneta nyingi, injini ikiwa imetulia tu, mawimbi hayo hukaribia elfu moja kwa sekunde. Ndiyo maana cheche husikika kama mgoto, ta-ta-ta, na altaneta husikika kama mluzi. Sikio lako ni kipimo cha kwanza.

Magari ya siku hizi hutoka kiwandani yakiwa na plagi zenye ukinzani na athi nyingi. Gari la miaka ya 1960 au 1970 lilipewa kondensa mbili tatu za kuzuia kelele, na tangu hapo limepita mikononi mwa mafundi wengi walioziona kama takataka wakazing'oa.

Kelele ina njia tatu za kuifikia stereo: kupitia eriali, kupitia waya unaoilisha umeme, na kupitia athi, yaani njia ambayo umeme hurudi betri ukipita kwenye bodi ya gari. Ukiwa na amplifaya kule nyuma, zipo pia nyaya za sauti zinazotoka mbele kwenda kwayo.

Jambo moja kuhusu AM na FM. AM hubeba sauti katika ukubwa wa wimbi, na cheche huongeza ukubwa huo, kwa hiyo kila cheche inasikika. FM hubeba sauti katika kubadilika kwa masafa, hivyo redio inaweza kuikata cheche bila kuugusa muziki. Ukiisikia cheche waziwazi kwenye kituo cha FM kinachoshika vizuri, ama mfumo wa cheche umechakaa sana, ama athi ya eriali imekufa.

KISANDUKU: Kabla hujagusa waya

- Angalia ni terminali gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Kwenye 504 na magari ya Kijapani ni hasi. Lakini magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, zikiwemo Land Rover na Morris Minor, yalifungwa chanya kwenye bodi. Ganda la stereo ya kisasa ni hasi. Likigusa dashibodi ya gari la namna hiyo, utaunguza fyuzi, waya au stereo yenyewe.
- Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina umeme wa volti 6. Stereo ya volti 12 haitafanya kazi humo.
- Kabla ya kukata au kuunga waya, ondoa terminali ile iliyofungwa kwenye bodi, injini ikiwa imezimwa.
- Vipimo vya injini inayonguruma vifanyie nje, si ndani ya gereji. Moshi wa gari huua kimyakimya. Gari liwe nyutro, breki ya mkono imevutwa, mawe nyuma ya magurudumu.
- Vua tai, funga mikono ya shati, weka leso mbali. Feni haichagui.
- Usishike nyaya za plagi injini ikiwaka. Zinabeba maelfu ya volti.
- Kwenye gari lenye pointi, usiache swichi ya injini wazi kwa muda mrefu huku injini imezimwa. Pointi zikiwa zimefungana, koili hupata moto na huweza kuungua. Tumia nafasi ya redio kwenye swichi kama gari lako linayo.

Dakika tano za kwanza

Kelele nyingi ambazo gari la zamani hulaumiwa kwazo ni za vifaa vipya vilivyochomekwa ndani yake. Chaja ya simu ya kwenye tundu la kiberiti cha sigara hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na chaja ya bei ya chini haina kizuizi chochote cha kelele. Taa za LED zilizowekwa badala ya balbu za kawaida zina tatizo hilohilo; zipo ambazo zikiwashwa tu stesheni ya FM inapotea kabisa.

Kwa hiyo:

1. Chomoa chaja, kifaa kile cha bluetooth kinachorusha muziki kwenye FM, kamera ya barabarani, na kila ulichoongeza wewe.
2. Zima taa zote, hasa za LED. Washa redio usikilize.
3. Rudisha kimoja kimoja. Kelele ikirudi, mhalifu ni cha mwisho ulichorudisha.
4. Weka simu mbali. Ule mdundo wa trrr-trrr-trrr unaokuja sekunde chache kabla simu haijalia ni wa simu inayotumia mtandao wa 2G, ambayo hurusha mawimbi kwa vipande 217 kila sekunde. Kabambe yako ikilala juu ya dashibodi, utausikia. Hapo hakuna cha kutengeneza. Ihamishe.

Kifaa kile cha kurusha muziki kwenye FM kinastahili neno zaidi, maana wenye redio za zamani hukipenda. Mawimbi yake ni dhaifu. Ukitoka Kitale ukiwa umekiweka kwenye nafasi tupu ya FM, ukifika karibu na Bungoma huenda nafasi hiyo ina stesheni yenye nguvu, nazo zitagongana. Kama stereo yako ina tundu la waya wa simu, au fundi anaweza kuliongeza, fanya hivyo uachane na kifaa hicho.

Isikilize kabla ya kuitafuta

- *Mluzi unaopanda na kushuka na injini:* altaneta au athi. Ukigeuka mngurumo mzito, pengine diodi moja imekufa.
- *Mgoto, ta-ta-ta, unaoongezeka kasi na injini:* cheche.
- *Mchakacho usio na mpangilio, unaobadilika gari linaporuka shimo:* kiungo kilicholegea, mara nyingi eriali au athi.
- *Mkwaruzo wa injini iliyotulia unaokoma ukiongeza mafuta, au kinyume chake, kwenye gari lenye dainamo:* pointi za regyuleta zinazofungua na kufunga, au brashi za dainamo.
- *Mvumo unaokuja ukiwasha waipa au feni:* mota hiyo.
- *Tik moja kila unapowasha kitu:* swichi. Kama ni tik tu, iache.
- *Fshshsh ya kudumu, injini imezimwa:* stesheni iko mbali. Hili si kosa la umeme.

Kama 504 yako ni ya dizeli, una bahati: haina cheche. Mgoto ukiusikia, tafuta kwingine kabisa.

Vipimo sita

Vifanye kwa mpangilio huu, na uandike jibu la kila kimoja kwenye karatasi. Chagua mahali ambapo stesheni inashika vizuri, mbali na nguzo za umeme.

1. Injini imezimwa, redio inawaka. Kelele ipo? Basi altaneta na plagi hazihusiki. Rudi kwenye vifaa ulivyochomeka, au tazama amplifaya.

2. Punguza sauti hadi sifuri, injini inawaka. Kelele ikipungua pamoja na muziki, inaingia kabla ya kitufe cha sauti: kwa eriali, au kwa waya wa simu. Ikibaki vilevile hata sauti ikiwa sifuri, inaingia baada ya hapo: kwa umeme, kwa athi, kwa nyaya za amplifaya au za spika. Kipimo hiki kimoja huokoa siku nzima ya kazi, na watu wachache sana hukifanya.

3. Chomoa eriali nyuma ya stereo. Ukisikiliza redio, stesheni itapotea. Sikiliza kelele tu. Ikipotea nayo, inapita kwenye eriali. Ikibaki, inapita kwenye umeme au athi. Kisha cheza muziki wa USB: mluzi ukiwepo na huko, eriali haina hatia hata kidogo.

4. Ongeza mafuta, kisha zima. Gari likiwa limesimama, pandisha injini kiasi, halafu rudisha swichi kwenye nafasi ya redio wakati injini bado inazunguka ikielekea kusimama. Kelele ikikatika papo hapo, ni cheche. Ikififia polepole pamoja na injini, ni altaneta au dainamo. *Usifanye hivi gari likitembea. Usukani unaweza kujifunga.*

5. Betri ya bodaboda. Azima betri ya pikipiki ya volti 12. Toa stereo kwenye dashibodi, iweke juu ya kitambaa kikavu isiguse chuma. Chomoa eriali. Waya wa manjano na mwekundu uungane na chanya ya betri hiyo kupitia fyuzi, mweusi uende hasi. Rangi hizi ni za kawaida kwenye stereo za dukani, lakini soma karatasi yake kwanza. Acha spika kama zilivyo, cheza muziki wa USB kwa sauti ndogo, kisha washa injini ya gari. Mluzi ukipotea, umethibitisha kwamba unaingia kwa waya wa umeme au athi ya gari. Ukibaki, tazama nyaya za spika na zinapopita.

6. Redio ndogo ya mkononi. Tafuta redio ya betri yenye AM. Iweke mahali pasipo na stesheni, fungua boneti, injini ikiwaka, isogeze polepole: juu ya koili, kando ya kila waya wa plagi, karibu na altaneta, nyuma ya taa za LED. Kelele itaongezeka ukikaribia chanzo. Igeuze pia, maana eriali yake ya ndani husikia vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Kaa mbali na feni na mkanda.

Ukimaliza una majibu mawili: chanzo na njia. Unaweza kukitibu chanzo, au kuikata njia, na mara nyingi njia ndiyo rahisi.

Anza na athi, hata kama huiamini

Kwenye magari ya eneo hili ningeweka athi mbele ya mashaka yote. Mvua ya Bungoma na matope yake hula bodi kwa chini. Pikapu inayobeba mbolea hupata zaidi, kwa sababu vumbi la DAP na CAN likilowa hula chuma. Kisha kuna rangi: gari lililopakwa upya mara kadhaa lina boliti za athi zilizokaa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Stereo inayokosa athi nzuri huitafuta kwingine, kupitia ganda la eriali au waya wa sauti wa amplifaya, na kelele zote za gari hupanda humo.

Pima hivi. Washa injini, taa kubwa na feni. Weka mita kwenye volti za DC, masafa madogo. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya risasi ya hasi ya betri, si klempu iliyoibana. Ncha nyingine iguse, kwa zamu:

1. klempu ya betri,
2. chuma cha injini,
3. bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa,
4. ganda la stereo.

Kila sehemu isizidi volti 0.1. Ukipata 0.3 kwenye ganda la stereo, kosa umelipata, na hata ukinunua filta kumi hazitalitibu. Pima tena kati ya betri na injini wakati mwenzako anapiga stata; ikikaribia nusu volti, waya mkubwa wa athi umechoka, na pengine ndiyo maana gari hukusumbua kuwaka asubuhi za baridi za Kitale.

Kutengeneza: fungua boliti, kwangua kwa msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Tazama pia waya bapa uliosukwa unaounganisha injini na bodi. Injini hukaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Waya huo ukikatika, umeme wa stata hutafuta kurudi kupitia kebo ya kichapuzi, na wengine wameiona ikitoa moshi.

Stereo ipe waya wake wa athi, mnene, mfupi, unaoenda kwenye chuma safi. Usiunge kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi wala kwenye waya wa athi wa waipa.

Eriali

Kama kipimo cha tatu kimeitaja eriali, usikimbilie kununua nyingine. Chomoa plagi yake nyuma ya stereo, weka mita kwenye omu:

- Kati ya pini ya katikati na fimbo ya eriali: karibu sifuri.
- Kati ya pini ya katikati na ganda la plagi: isipitishe kabisa.
- Kati ya ganda la plagi na bodi ya gari: chini ya omu moja.

Kinachokosekana karibu kila mara ni hicho cha tatu. Chini ya eriali, pale inapobana madigadi, kuna meno yanayopaswa kuuma chuma kitupu, na kutu imeyatenga. Legeza nati, kwangua upande wa chini, kaza upya. Kama boneti ya gari lako imeshikwa na bawaba zenye kutu tu, iunganishe na bodi kwa kipande cha waya bapa uliosukwa, kwa sababu boneti isiyo na athi hurusha kelele za injini moja kwa moja kwenye eriali iliyo kando yake.

Cheche

Subiri giza, fungua boneti, washa injini. Nyuzi za bluu zikicheza kando ya nyaya za plagi au kwenye kifuniko cha distribyuta, umeme unavuja. Zima, nunua nyaya mpya. Kwenye 504 ya petroli plagi zimezama ndani kabisa kwenye mashimo. Kagua kama kuna mafuta au maji humo.

Halafu, kwa mpangilio:

1. Funga plagi zenye ukinzani, za namba ileile ya joto. Kwa NGK tafuta herufi R: BP6ES ikawa BPR6ES.
2. Nyaya za shaba tupu zibadilishe kwa za kaboni. Ukizipima ziwe na maelfu ya omu. Waya usiosoma kitu umekatika ndani.
3. Angalia rota, kifuniko cha distribyuta na kipande cha kaboni kilicho katikati yake. Pengo lililokua ndani ya kifuniko ni cheche ya ziada.
4. Weka kondensa ya maikrofaradi 1 kati ya terminali ya *kuingiza umeme* ya koili na chuma.

Hiyo ya nne ina mtego. Koili ina terminali mbili ndogo: moja inapokea umeme kutoka kwenye swichi, nyingine inaenda kwenye pointi. Ukiweka kondensa kubwa upande wa pointi, cheche inadhoofika na gari linaweza kukataa kuwaka. Upande huo tayari una kondensa yake ndogo ndani ya distribyuta au kando yake, na hiyo inatosha.

Altaneta na dainamo

Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi; injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na stereo yako iko hatarini. Ili kujua kama diodi imekufa, hupimwa mawimbi ya AC kwenye betri injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa: chini ya volti 0.1 ni sawa, kukaribia nusu volti ni diodi. Mita zile za manjano za bei ya chini hazifai hapa, kwa kuwa masafa yake ya AC huanzia volti 200 na nyingine huhesabu hata DC. Tafuta mita yenye AC ya volti 2, au fundi aliye nayo. Dalili nyingine za diodi mbovu: betri inayokufa usiku bila sababu, na taa zinazotetemeka.

Diodi zikiwa nzima, safisha na ukaze waya mnene wa altaneta, safisha mahali inapofungwa kwenye injini, kisha weka kondensa ya maikrofaradi 1 hadi 2.2 kati ya terminali hiyo nene na ganda lake. Altaneta nyingi zilikuja nayo; huenda ipo ila waya wake umekatika.

Dainamo ni tofauti. Kondensa huwekwa kwenye terminali nene, ile ya D. Kamwe usiiweke kwenye F, ile nyembamba, kwa sababu itaunguza pointi za regyuleta.

Sasa njia. Stereo nyingi hulishwa na waya wowote uliokuwa karibu: wa waipa, wa feni, hata wa koili. Vuta waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka chanya ya betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri, upitie kwenye raba pale unapotoboa ukuta wa injini. Huo ndio wa manjano. Mwekundu ubaki kwenye swichi, kazi yake iwe kuamsha tu. Betri yenyewe hunyonya mawimbi mengi ya altaneta, kwa hiyo kuchukua umeme hapo kunamaliza milio ambayo watu huinunulia filta. Filta ifuate baadaye, kama bado inahitajika, na iwe ya ampea zinazozidi fyuzi ya stereo.

Ukiwa na amplifaya nyuma

Chomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya, iache ikiwaka. Kimya? Kelele inaletwa na nyaya hizo. Bado ipo? Ni umeme au athi ya amplifaya yenyewe. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, nyaya za sauti upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Athi ya amplifaya iwe fupi, isizidi nusu mita, kwenye chuma kilichokwanguliwa. Kile kifaa kidogo cha kutenganisha athi kinachochomekwa kwenye nyaya za sauti hufanya kazi, lakini nyingi za bei ya chini hupunguza besi, na mtu aliyenunua amplifaya hakuinunua ili apoteze besi.

KISANDUKU: Makosa ya kila siku

- Kutoa terminali ya betri injini ikiwaka ili "kupima" altaneta. Volti huruka ghafla. Diodi, regyuleta na stereo vyote vinaweza kufa kwa pigo moja.
- Kusokota nyaya kwa mkono na kuzifunga tepu. Tumia lehemu, au viunganishi vya kubana.
- Kubadilisha vitu vitatu kwa mara moja. Kelele ikiisha hutajua ni kipi, na ikirudi unaanza upya.
- Kuongeza fyuzi kubwa kwa sababu ndogo inakatika.

Kelele zisizo za gari lako

Radi za mchana zinazojikusanya upande wa Mlima Elgon husikika kwenye AM kama kupasuka kwa kuni hata mawingu yakiwa mbali. Ukipita chini ya laini kubwa za umeme, mvumo utakuja na kuondoka nazo. Na Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari ilhali Bungoma iko chini yake kwa mita 500 hivi. Njiani vilima hukata FM na fshshsh huongezeka. Jaribio rahisi: simamisha gari, zima injini, sikiliza. Ikibaki, endelea na safari.

Ukimwendea fundi wa waya

Usimwambie "redio ina shida." Mpe karatasi ya vipimo vyako, na umwambie hivi:

- "Fundi, mluzi unabaki hata nikipunguza sauti hadi mwisho, na hata nikichomoa eriali."
- "Naomba usitoe terminali ya betri injini ikiwaka."
- "Vipuri vya zamani ukivitoa, naomba unirudishie." Kondensa asilia na vifuniko vya distribyuta vya 504 huenda ukavihitaji tena, la sivyo utavitafuta hadi Kirinyaga Road, Nairobi.
- "Badilisha kimoja, tusikilize, ndipo tuendelee."

Kabla ya kulipa, rudieni pamoja vipimo namba 2 na 4 papo hapo, taa kubwa, waipa na feni vyote vikiwa vimewashwa.